Anayesema Asipoteze Nafasi Yake Kwayani

(Hotuba ya kamati ya kwaya siku ya yubile)

Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, kina mama na kina baba, wageni kutoka kwaya jirani, na nyinyi vijana mliosimama nyuma kwa kukosa viti, karibuni Bombolulu.

Tumepewa dakika chache kabla ya keki, na tumeamua kuzitumia kwa jambo ambalo kwaya nyingi hulisema kwa kunong'ona. Kuimba siku hizi kuna studio, video, maonyesho na pesa. Binti wa sauti ya kwanza anaambiwa na prodyuza kwamba kazi itamalizwa usiku, aje peke yake. Kijana anaambiwa wimbo wake hautachezwa redioni bila "chai". Pesa za albamu zinaingia kwenye simu ya mtu mmoja, na anayeuliza hesabu anaitwa mchochezi. Mwisho wake anayeondoka kwayani ni yule aliyesema. Aliyetenda hubaki, na wakati mwingine ndiye anayeshika maikrofoni.

Vijana, mmewahi kusikia jina la David Munyakei? Alikuwa karani wa Benki Kuu ya Kenya. Alipoona pesa nyingi ajabu zikilipwa kwa dhahabu na almasi ambazo hazikuwepo, alitoa stakabadhi, na nchi ikaijua kashfa ya Goldenberg. Mwaka 1993 alikamatwa, kisha akafutwa kazi. Alikimbilia Mombasa, mji huu tunaouingia kila siku kwa daraja la Nyali, akaanza maisha upya. Baadaye alitoa ushahidi mbele ya tume ya Jaji Bosire, na akapewa tuzo ya uadilifu, lakini kazi yake hakurudishiwa. Alifariki mwaka 2006. Munyakei hakuwa mwimbaji, ila yaliyompata ndiyo anayoyaogopa binti yule wa studio.

Sheria zimesogea tangu wakati huo. Sheria ya Hongo ya 2016 inasema anayemtisha au kumsumbua mtoa taarifa anaweza kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 1, au kufungwa hadi mwaka 1, au vyote viwili. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi aandike mwongozo dhidi ya unyanyasaji wa kingono, na jina la mlalamikaji lisitangazwe ovyo.

Vizuri. Lakini mwimbaji mwajiri wake ni nani? Prodyuza ana chumba kimoja, kompyuta na magodoro ukutani. Msanii akilalamika hapewi barua ya kufutwa ambayo angeipeleka mahakamani. Haitwi tena, basi.

Kwa hivyo kamati imekubaliana hivi. Hakuna mwanakwaya atakayekwenda kurekodi peke yake, awe mkubwa au mdogo. Hesabu za albamu zitasomwa mbele ya wote kila baada ya miezi mitatu. Na kutakuwa na watu wawili, mama mmoja na mzee mmoja, ambao si wanakamati, wa kupokea malalamiko. Aliyelalamika atabaki na nafasi yake na solo yake jambo likichunguzwa. Mtasema: je, akisingizia? Kumsikiliza si kumhukumu mwingine, na uchunguzi upo kwa ajili hiyo.

Likiwa jambo la kuguswa kwa nguvu, au la mtoto, hilo kamati haitalikalia kikao. Litapelekwa polisi siku hiyo hiyo. Namba 1195 hupigwa bila malipo kwa dhuluma za kijinsia, na 116 ni ya watoto. Tumeziandika nyuma ya kijitabu hiki, chini ya orodha ya nyimbo.

Mama na mzee waliokubali kazi hiyo watasimama baada ya wimbo wa tatu. Watoto wa shule ya Jumapili waletwe mbele, wawaone nyuso.