Shimo Lenye Breki

Wazazi na walezi mliouza hata mbuzi ili tufike leo, nanyi wahitimu wa sheria, nimepewa dakika kumi. Hakimu mstaafu hajawahi kutosheka na dakika kumi, kwa hiyo kaeni vizuri.

Konokono mnamjua. Agosti 26, 1928, mjini Paisley, Uskochi, May Donoghue alinunuliwa na rafiki yake soda ya tangawizi mkahawani. Chupa ilikuwa nyeusi, ndani hakuonekani kitu. Alikwisha kunywa kiasi; iliyobaki ilipomiminwa, akatoka konokono aliyeoza. Ndivyo alivyodai. Soda hakuinunua yeye, kwa hiyo hakuwa na mkataba na mtu; akamshtaki Stevenson, mwenye kiwanda cha soda hiyo, kwa uzembe. Mwaka 1932 majaji wa Baraza la Malords wakagawanyika, watatu kwa wawili, wengi wakiwa upande wake, na Lord Atkin akaeleza kwamba jirani yako kisheria ni yule ambaye ulipaswa kuona mapema kuwa uzembe wako ungemdhuru.

Hayo mmeshayajibu kwenye mitihani. Mimi namtaka wakili wa Donoghue, Walter Leechman. Wiki chache tu kabla ya kufungua kesi hiyo, alikuwa ameshindwa kesi ya panya kwenye soda ya tangawizi ya kampuni nyingine. Mawakili ninaowafahamu wangekwenda kulima matikiti. Yeye akafungua tena, tena kwa mteja aliyelazimika kuomba atambuliwe kuwa fukara ili asidaiwe dhamana ya gharama. Na konokono hakuwahi kuthibitishwa! Stevenson alifariki, pande mbili zikamalizana bila ushahidi kusikilizwa. Majaji walikuwa wameamua kwa kusoma madai yalivyoandikwa.

Sasa tazameni tunavyoandika sisi. Niliwahi kuletewa kesi ya mtoto aliyetumbukia kwenye shimo la maji machafu lisilo na mfuniko. Nikafungua hati ya madai, maelezo ya uzembe: mdaiwa aliendesha kwa mwendo wa kasi; alishindwa kukwepa; alishindwa kufunga breki kwa wakati. Nikamuuliza wakili shimo lake lina gia ngapi. Mahakama nzima ikacheka, isipokuwa mama wa mtoto.

Wakili alikuwa amebandika maneno ya kesi ya daladala. Nani alipaswa kufunika shimo? Nani aliambiwa mfuniko umeibwa, na lini? Kimya. Upande wa pili ukasimama kuomba madai yatupwe, na kwa kweli walikuwa na hoja. Nikampa nafasi ya kurekebisha, akarudi na karatasi ileile, breki zimefutwa kwa kalamu.

Wanangu, wajibu wa uangalifu tunaowadai madereva na madaktari unatuhusu na sisi. Kabla hujaandika kwamba mtu amezembea, nenda mahali penyewe. Vaa viatu vya kutembea, si hivyo vilivyochongoka. Pima shimo. Muulize muuza mihogo wa pembeni, yeye anajua mfuniko ulipotea mwezi gani na nani alikuja kupiga picha akaondoka. Kisha angalia kalenda: madai ya aina hii kwa kawaida ukomo wake ni miaka mitatu, Tanzania na Kenya pia, na masijala haina habari kwamba ulikuwa na harusi.

Wazazi, najua pilau inapoa. Hongereni sana.