Mlinzi wa mtandao naye achungwe



Hakuna mkazi wa mjini asiyelijua jibu hili: "Mtandao unasumbua." Utalipata kwenye dirisha la benki, kwenye kaunta ya hospitali na kwenye ofisi ya kulipia kodi ya kiwanja. Jibu hilo likishatolewa, mazungumzo yamekwisha. Mwananchi anarudi kwenye benchi, anajipepea kwa karatasi zake na kungoja. Haulizi zaidi, maana mtandao kwake ni kama mvua: hunyesha ikitaka, na isipotaka hainyeshi.

Wiki hii nataka tuulize zaidi. Mtandao si mvua. Ni mitambo iliyounganishwa na watu, na watu hao wakaiwekea walinzi. Walinzi wenyewe ni programu za kompyuta zinazofanya kazi chinichini, bila dirisha kwenye kioo na bila mtu kuzibonyeza. Zinaamka kompyuta inapowashwa na kulala inapozimwa. Mafundi huziita huduma. Kwenye mitambo ya jamii ya Unix zina jina jingine, dimoni, na jina hilo lina historia yake.

Mwaka 1963, katika chuo cha MIT huko Marekani, kundi la watafiti waliokuwa wakitumia kompyuta ya IBM 7094 walianza kuziita hivyo programu zao za chinichini. Walikuwa wamelichukua jina kutoka kwa kiumbe wa kufikirika wa mwanafizikia James Clerk Maxwell, kiumbe ambaye kazi yake ni kusimama mlangoni na kuchambua chembe za hewa bila kuchoka. Msikilizaji wa pwani asishtuke basi. Si jini la kufukiziwa ubani. Ni mtumishi asiyeonekana, na taabu yake kubwa ni hiyo hiyo ya kutoonekana.

Sasa, walinzi hawa wanafanya nini katika usimamizi wa mtandao? Chukua hospitali yenye majengo manne. Kila jengo lina swichi zake, ruta zake na kompyuta zake. Fundi hawezi kutembea jengo hadi jengo kila dakika. Kwa hiyo katika kompyuta moja huwekwa programu ya usimamizi, na ndani yake kuna huduma kadhaa. Moja huzungukia vifaa vyote kila baada ya dakika chache na kuviuliza: u hai? Umebeba mzigo kiasi gani? Ya pili husikiliza kilio cha kifaa kinachopiga yowe bila kuulizwa. Ya tatu huandika majibu yote katika kanzidata, na ya nne humpelekea fundi ujumbe wa simu mambo yakiharibika. Lugha wanayozungumzia huitwa SNMP, na imekuwa ikitumika tangu mwaka 1988. Maswali hupita mlango namba 161, na mayowe mlango namba 162.

Mpango ni mzuri. Lakini mlinzi naye ni programu, na programu hufa. Diski ikijaa, mwandishi wa kanzidata hushindwa kuandika. Neno la siri likibadilishwa, mwulizaji hufungiwa nje.

Nimepata kutembelea ofisi moja ambayo sitaitaja, nikaonyeshwa kwa fahari kioo kikubwa ukutani. Kila kifaa kilikuwa na alama ya kijani, maana yake kizima. Wakati huo huo, ghorofa ya chini, wateja walikuwa wamejazana kwa sababu hakuna kompyuta iliyokuwa ikipata mtandao. Ilikuja kugundulika kwamba huduma ya kuuliza ilikuwa imekufa tangu siku mbili nyuma. Kioo kilikuwa kikionyesha habari za juzi. Hakuna aliyedanganya pale. Mlinzi alikuwa amekufa akiwa amesimama wima, na kila aliyepita alimwona yuko kazini.

Hilo ndilo somo la kwanza: kimya si afya. Programu ya usimamizi haitoshi kupiga kelele mambo yakiharibika. Inapaswa pia kusema mara kwa mara kwamba yenyewe ingali hai, na anayeusikiliza mpigo huo awe kwenye kompyuta nyingine. Kioo nacho kionyeshe saa ya habari ya mwisho. Alama ya kijani isiyo na saa ni picha tu.

Mtu atasema, mbona kompyuta za siku hizi zinaweza kumfufua mlinzi aliyekufa? Ni kweli. Windows inakuruhusu kupanga kitakachofanyika huduma ikianguka mara ya kwanza, ya pili na zaidi. Linux nyingi zinatumia systemd, iliyoanza mwaka 2010, nayo hufanya vivyo hivyo. Lakini anayeanguka mara 20 kwa usiku mmoja akainuliwa mara 20 hajapona. Kumwinua bila kusoma daftari la matukio ni kumpa mgonjwa dawa ya kutuliza maumivu kila siku bila kumpima. Kuna pia suala la utaratibu: mwulizaji akiamka kabla ya kanzidata, atakuta mlango umefungwa na kuanguka. Ndiyo maana baada ya umeme kukatika na kurudi, mitambo mingi huwa hai nusu nusu. Kila huduma ielezwe wazi inamtegemea nani, ili iamke kwa zamu yake.

Somo la pili ni zito zaidi, nalo linahusu mamlaka. Mlinzi wa mtandao hupewa funguo nyingi. Anajua majina ya vifaa vyote na mara nyingi maneno ya siri ya vyote. Mara nyingi huwekwa kwa akaunti yenye uwezo wote juu ya kompyuta, kwa sababu hiyo ndiyo njia ya haraka ya kumaliza kazi ya kumfunga. Wahenga walisema, kikulacho ki nguoni mwako.

Tuangalie yaliyotokea Marekani mwaka 2020. Kampuni ya SolarWinds ya Austin, Texas, ilikuwa ikiuza programu ya usimamizi wa mtandao iitwayo Orion. Wadukuzi waliingia mahali programu hiyo ilipokuwa ikitengenezwa. Huko walipachika programu yao ya chinichini, iliyovizia mpaka Orion ianze kuundwa, kisha ikabadilisha faili moja na kujificha. Toleo lililoharibiwa likatoka likiwa na muhuri halali wa kampuni, na tangu Machi 2020 wateja wakalipokea kama marekebisho ya kawaida. Kampuni yenyewe ilikadiria kwamba wateja wasiozidi 18,000 walilifunga kwenye mitambo yao.

Ndani ya huduma ya Orion, mgeni huyo alikaa kimya hadi wiki mbili kabla ya kuamka. Alipoamka alitazama kwanza ni walinzi gani wengine wako ndani ya nyumba, na baadhi yao akawabadilishia mpangilio ili wasiamke tena kompyuta ikiwashwa. Mazungumzo yake na mabwana zake aliyafananisha na mazungumzo ya kawaida ya Orion. Nani angemshuku mlinzi akizungumza kwa sauti ya mlinzi?

Aliyeligundua jambo hilo ni kampuni ya usalama ya FireEye, nayo ikiwa miongoni mwa walioibiwa. Kilichowafungua macho kilikuwa kidogo sana: simu ya pili ilikuwa imesajiliwa kwa jina la mfanyakazi mmoja. Wakamwuliza kama ni yake, akakana. Wakaanza kuchimba. Tarehe 13 Desemba 2020 habari zikatoka hadharani, na siku hiyo hiyo serikali ya Marekani ikaagiza idara zake za kiraia kuitenga Orion na mitandao yao. Baadaye Ikulu ya nchi hiyo ilieleza kwamba idara 9 za serikali kuu na makampuni yapatayo 100 yalikuwa yameingiliwa kwa undani. Mwezi Aprili 2021 Marekani ililitaja shirika la ujasusi wa nje la Urusi, SVR, kuwa ndilo lililohusika. Urusi ilikanusha.

Je, tuwafukuze walinzi? La hasha. Nyumba bila mlinzi si salama zaidi. Lakini mlinzi apewe ufunguo wa geti tu. Wa sanduku la fedha haumhusu. Akiwa kazi yake ni kusoma hali ya vifaa, apewe ruhusa ya kusoma, si ya kubadilisha. Kompyuta yake isiruhusiwe kuzungumza na dunia nzima, bali na wale tu anaowahitaji. Na lugha ile ya SNMP katika matoleo yake ya kwanza ilipeleka neno la siri waziwazi, tena vifaa vingi vilitoka kiwandani vikiwa na neno moja linalojulikana na kila fundi duniani. Toleo la 3 linaficha mazungumzo. Anayeendelea na lile la zamani, na neno lile la kiwandani, amefunga mlango kwa uzi.

Somo la tatu wasikilizaji wengi mnalikumbuka. Jumatatu ya tarehe 4 Oktoba 2021, jioni kwa saa zetu, WhatsApp, Facebook na Instagram zilinyamaza kwa muda wa saa sita hivi. Wenye maduka waliokuwa wakipokea oda kwa WhatsApp walibaki wakitazama simu. Kampuni ilieleza baadaye kwamba katika matengenezo ya kawaida ilitolewa amri iliyokata njia kuu zinazounganisha vituo vyake vya kompyuta. Palikuwa na programu ya kukagua amri za namna hiyo, lakini ilikuwa na kasoro na haikuizuia. Kisha seva zinazotafsiri majina, zilipoona haziwezi kuvifikia vituo, zikajiondoa zenyewe kwenye intaneti, kama zilivyokuwa zimeagizwa. Kila mmoja alifuata amri yake vizuri, na kwa pamoja wakafunga duka zima.

Lililo baya zaidi, vyombo vya ndani ambavyo mafundi wangevitumia kutengeneza vilikuwa vikipita njia ile ile iliyokatika. Ilibidi watu wapelekwe kwa miguu yao vituoni, na milango ya huko ilikuwa imejengwa iwe migumu kufunguka. Basi mlinzi asitegemee barabara ile ile anayoilinda. Awe na njia ya pembeni, hata kama ni laini ya simu ya kawaida tu.

Nawageukia sasa wakuu wa ofisi, maana mafundi wengi haya wanayajua. Fundi akiomba kompyuta ya pili ya kumchunga mlinzi, huambiwa bajeti haipo, kwa kuwa ile ya kwanza "haina tatizo". Siku mtandao ukianguka, huitwa yeye kujieleza. Huo si uungwana. Mwulizeni leo maswali manne. Ni huduma gani zinazofanya kazi chinichini katika mitambo yetu, na orodha yake iko wapi? Kila moja ina mamlaka gani? Ikifa usiku wa manane, nani atajua, na kwa njia gani? Na mara ya mwisho kuizima kwa makusudi, ili kuona kama kengele italia, ilikuwa lini? Asipokuwa na majibu, mpeni muda na vifaa ayatafute.

Na wewe mwananchi uliyeko kwenye benchi, ukiambiwa mtandao unasumbua, uliza kwa adabu: umeanza kusumbua saa ngapi, nanyi mmejua saa ngapi? Majibu mawili hayo yakipishana kwa nusu siku, ujue mlinzi wao alikuwa amekwisha kufa.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.