PILIPILI MBUZI NA WATOTO WETU
(Maneno ya Kamati kwenye mkutano wa wanachama)


Pilipili tunalima wenyewe, halafu watoto wanakula ugali mkavu kwa sababu mchuzi unawachoma. Hii si haki.

Wengi tunatoa mbegu tu tukadhani tumemaliza. Ukali hasa uko kwenye ile nyama nyeupe inayoshika mbegu. Kwangua yote! Au tia pilipili nzima, itoe harufu, uiopoe kabla haijapasuka.

Mchuzi ukishawaka, usikimbilie maji. Ukali hauyeyuki vizuri kwa maji, unayeyuka kwa mafuta. Ongeza tui la nazi au karanga zilizotwangwa. Mtoto akiungua mdomo, mpe maziwa.

Na mikono je? Paka mafuta ya kupikia kwanza, ndipo sabuni, kabla hujamfuta mtoto macho. Wapenda ukali tuweke yetu pembeni ya sahani.