Majira ya Mwili na Majira ya Kiangazi

Mada iliyotolewa kwa vikundi vya akina mama na mabinti, mkoani Dodoma

   Nawashukuru akina baba mliokaa pale nyuma. Naomba msiondoke mapema, maana sehemu ya mwisho ya mada hii ni yenu.

Nimeombwa nizungumze juu ya hedhi wakati wa kiangazi. Pengine mnajiuliza mambo haya mawili yanahusianaje. Yanahusiana kwa njia ya maji, joto na jua. Hapa kwetu Dodoma mvua hukoma mwezi Aprili, na kwa kawaida hatuioni tena mpaka mwishoni mwa Novemba au Desemba. Ni miezi saba hivi. Katika miezi hiyo wanawake wengi walio katika umri wa kuzaa na wasio wajawazito huingia hedhini karibu mara saba, wakati foleni ya maji ni ndefu na kila dumu lina kazi yake. Mkulima hangojei mvua inyeshe ndipo aanze kutafuta mbegu. Nasi tuyajue majira ya mwili kama tunavyoyajua majira ya shamba, ili siku zikifika zitukute tumejiandaa.

Mwili una kalenda yake

Siku ya kwanza ya mzunguko ni siku damu inapoanza kutoka. Hesabu kuanzia hapo mpaka siku ya mwisho kabla damu haijaanza tena. Kwa wanawake wengi idadi hiyo ni kati ya siku 21 na 35. Kwa msichana aliyevunja ungo karibuni inaweza kufika 45 na kuyumbayumba kwa mwaka mmoja au miwili, na huo si ugonjwa. Damu yenyewe hutoka kwa siku 2 hadi 7. Yai hupevuka karibu siku 14 kabla ya hedhi inayofuata.

Sisi husema mwanamke "yuko mwezini", na wapo wanaodhani mwili hufuata mwezi wa angani. Mwezi wa angani huchukua takriban siku 29 na nusu kila mara. Mizunguko ya wanawake hutofautiana, na hata wa mwanamke mmoja hubadilika akiugua, akipungua sana uzito au akiwa na mashaka. Kwa hiyo usiangalie angani. Chukua kalamu, weka alama kwenye kalenda au nyuma ya daftari. Baada ya miezi mitatu au minne utaanza kuona mwendo wako mwenyewe. Binti anayejua kwamba siku zake zinakaribia hatashtukizwa darasani.

Joto la nje na joto la ndani

Kiangazi chetu kina sehemu mbili. Juni na Julai kuna baridi na upepo. Kuanzia Septemba hadi mvua zinapoanza joto ni kali. Sasa sikilizeni jambo ambalo wengi hatukufundishwa: baada ya yai kupevuka, joto la mwili wa mwanamke hupanda kidogo, kiasi cha nyuzi 0.3 hadi 0.5, na hubaki juu mpaka hedhi inapokaribia. Ndiyo maana mwanamke anaweza kulalamika kwamba hapati usingizi kwa joto kuliko wiki mbili zilizopita. Si uvivu wala kujidekeza.

Tufanyeje? Siku hizo kazi nzito, kama kuchota maji ya mbali au kukata kuni, tuzifanye alfajiri kabla jua halijawa kali. Tuvae nguo za pamba zisizobana. Tunywe maji ya kutosha, hasa siku za damu. Mabinti, najua baadhi yenu hamnywi maji mnapokwenda shule kwa kuogopa choo cha shule kisicho na mlango. Kujinyima maji katika joto la Oktoba huleta maumivu ya kichwa na kizunguzungu, na kunaweza kuchangia maambukizi ya njia ya mkojo. Dawa ya choo kibovu ni wazazi na kamati ya shule kukitengeneza. Mtoto asiachwe na kiu kwa sababu ya mlango.

Ndoo ya akiba

Taulo za kike za dukani zinasaidia, lakini bei yake si ya kila nyumba. Mwaka 2018 serikali iliziondolea kodi ya ongezeko la thamani, na mwaka 2019 kodi hiyo ikarudishwa. Wengi wetu bado tunatumia vitambaa. Kitambaa safi cha pamba si aibu wala si hatari. Hatari ni kitambaa kichafu au kibichi.

Kitambaa kibadilishwe kila baada ya saa 4 hadi 6, na mapema zaidi kikilowa, maana jasho na unyevu huchubua ngozi. Kwa hiyo binti anahitaji vitambaa kadhaa, na maji ya kuvifulia. Napendekeza hivi: kila nyumba iweke akiba ya ndoo moja kila siku ya damu, kwa kufulia na kunawia. Ukijua siku zako ni tano, ni ndoo tano. Ukiwa na kalenda, ndoo hizo zinaanza kuwekwa mapema, moja moja, bila kugombana bombani siku yenyewe. Loweka kwanza kwa maji ya baridi, kwa sababu maji ya moto hugandisha doa la damu. Kisha fua kwa sabuni ya mche na suuza mpaka povu liishe. Maji ya kunawia yawe ya nje ya mwili tu. Usiingize sabuni wala manukato ukeni.

Jua ni la bure

Hapa ndipo penye kiini cha mada yangu. Kiangazi kinatunyima maji, lakini kinatupa jua kwa wingi. Mwanga wa jua hukausha na husaidia kuua vijidudu. Kitambaa kilichoanikwa asubuhi, saa sita kimeshakauka. Nasi tunafanya nini? Tunaficha vitambaa chini ya godoro, nyuma ya sanduku, au chini ya kanga nyingine kwenye kamba. Humo hubaki na unyevu, vijidudu na fangasi vinastawi, halafu tunashangaa kwa nini binti anawashwa. Tumepewa jua la bure, aibu inatuzuia kulitumia.

Sisemi mtundike vitambaa mbele ya wageni. Staha ni jambo jema. Lakini tazameni mabafu yetu ya nje: yana kuta na hayana paa. Funga kamba ndani yake, kutoka ukuta hadi ukuta. Mwezi Oktoba jua la saa sita mchana liko utosini kwetu kabisa, linaingia bafuni mpaka chini. Vitambaa vinakauka na hakuna mpita njia anayeviona. Gharama yake ni kamba na vibanio vichache. Vikikauka, vihifadhi kwenye mfuko safi visiingie vumbi.

Chakula cha kurudisha damu

Wakati wa kiangazi mboga mbichi huadimika, na tunakula mlenda na mboga nyingine zilizokaushwa. Ongezeni maharage, kunde na dagaa, na maini yakipatikana, kwa ajili ya madini ya chuma. Madini ya chuma yaliyo kwenye mboga na kunde huingia mwilini vizuri zaidi yakiliwa pamoja na kitu chenye vitamini C. Mungu ametupa mibuyu. Ubuyu una vitamini C nyingi, na tunao humu humu kiangazi. Uji wa ubuyu au juisi yake pamoja na chakula inafaa. Chai ya majani isinywewe pamoja na mlo, bali saa moja au zaidi baadaye, maana huzuia madini hayo. Na wale wanaoamini kwamba mwanamke aliye hedhini akipita kwenye bustani mboga hunyauka, niwaambie: mboga za kiangazi hunyauka kwa kukosa maji. Msimfukuze mchumaji.

Nenda zahanati ukiona haya: damu inatoka zaidi ya siku 7, inalowesha taulo nzima kwa saa moja, saa baada ya saa, maumivu yanakuzuia kufanya kazi au kwenda shule kila mwezi, hedhi imekata miezi mitatu, au damu inatoka kwa mama aliyekwisha koma hedhi. Huyu wa mwisho asisubiri hata wiki.

Neno kwa akina baba

Akina baba, katika Injili ya Marko sura ya 5 tunasoma habari za mwanamke aliyetokwa damu miaka 12. Alikuja kwa nyuma, kwa kujificha. Yesu hakumwacha aondoke kwa kujificha. Alisimama katikati ya umati, akamsikiliza, akamwita binti, akampa amani. Huyo ndiye Bwana tunayemfuata. Basi baba wa nyumba za Kikristo asione ni najisi kuulizwa hela ya sabuni, wala kupeleka dumu moja la ziada kwa baiskeli, wala kufunga ile kamba bafuni. Nyumba inayopanga maji ya mbuzi na maji ya kupikia inaweza kupanga na maji ya binti yake.

Mkirudi nyumbani, nawaomba kila kikundi kifanye mambo matatu kabla joto halijapamba moto: kila mwanamke na binti aanze kuweka alama zake kwenye kalenda, kila nyumba iwe na ndoo ya akiba yenye mfuniko, na kila bafu liwe na kamba. Kwenye mkutano wenu ujao msiulizane nani amesikia mada. Ulizaneni ni mabafu mangapi yana kamba.