MAJI MACHAFU YASIFIKE KISIMANI

(Maelezo ya Katibu wa Kamati ya Afya kwenye mkutano wa wanachama. Ambaye hakuhudhuria asome hapa, na anayejua kusoma amsomee jirani.)



Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 ilihimiza kila nyumba iwe na choo, na vyoo tunavyo. Lakini maji ya kuogea, ya kufulia na ya kuoshea vyombo tunayamwaga wapi? Nyuma ya nyumba. Yanatuama, mbu wanazaliana, watoto wanayakanyaga, na mvua ikinyesha yanateremka moja kwa moja hadi kisimani. Tukiharisha tunasema ni msimu. Si msimu, ndugu zangu. Ni maji yetu wenyewe yanaturudia.

Njia ipo, nayo ni shimo la matete. Huko Ujerumani Bi Käthe Seidel alianza majaribio ya mimea ya majini miaka ya 1950, na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimeifanyia utafiti njia hii tangu miaka ya 1990. Kwa hiyo si jambo la kubahatisha.

Linajengwa hivi:

1. Maji yaanzie kwenye tangi lililofunikwa. Uchafu mzito unazama, mafuta yanaelea na kubaki humo.

2. Kutoka hapo yaingie shimo lenye kina cha sentimita 60 hivi, lililotandikwa nailoni ngumu au udongo wa mfinyanzi, likajazwa kokoto safi. Jamaa ya watu 6, urefu mita 6 na upana mita 2 unatosha.

3. Panda matete juu ya kokoto. Maji yapite chini yake, yasionekane. Yakionekana, mbu wamepata nyumba.

4. Shimo liwe mita 30 au zaidi kutoka kisimani. Choo cha shimo kibaki peke yake, kisiunganishwe.

Sasa mtaniuliza, nani anasafisha? Ni vijidudu vinavyoishi kwenye kokoto na mizizi. Vinakula uchafu polepole, kwa siku kadhaa. Maji yanayotoka yanafaa migomba na miti. Hayafai kunywa, wala kumwagilia mboga za kuliwa mbichi.

Tusidanganyane lakini. Matete si mganga. Tangi lisipozolewa, mafuta na tope vitaingia kwenye kokoto, vitaziba, na maji yatafurika juu. Hapo itabidi kufukua kokoto zote na kuziosha. Mashimo ya namna hii hayafi kwa kukosa utaalam, yanakufa kwa kukosa mtu wa zamu.

Kamati inapendekeza shimo la kwanza lijengwe nyuma ya mgahawa wa Ushirika. Kwa nini mgahawa? Kwa sababu ndio unaomwaga maji mengi kuliko nyumba yoyote, na uko juu ya kisima. Hatuwezi kumwambia mama mwenye beseni moja ajirekebishe wakati mali yetu sote inachafua kisima.

Kokoto tutaponda wenyewe, matete yapo mtoni. Lakini kabla ya jembe la kwanza, Kamati haitaki makofi. Inataka majina ya watu wawili wa kuzoa mafuta ya tangi kila wiki, na wengine wawili wa kuwapokea mwezi unaofuata. Nafasi ya majina imeachwa hapa chini, na penseli imefungwa kwa kamba.