Mboga ya Nyuma ya Jiko

Somo letu ni Mithali 27:23-27. Hapo twaambiwa tujue hali ya mifugo yetu. Kisha yatajwa majani ya milimani yanayokusanywa, na maziwa ya mbuzi yanayowatosha watu wa nyumbani. Je, si kama Taita yetu hii?

Sisi wa Voi twaujua ukame. Tangu mwisho wa 2020 hadi mwisho wa 2022, misimu mitano ya mvua ilipungua mfululizo katika sehemu kame za Kenya, na mbuzi wakauzwa wamebaki mifupa. Lakini mvua inyeshapo, mchicha, mnavu na mwangani huota wenyewe nyuma ya jiko. Nasi twaung'oa kama magugu, kisha twaenda sokoni kununua sukuma wiki! Twaona haya mgeni asije akaukuta sufuriani. Haya hiyo huwalaza watoto na njaa.

Majani hayo yachemshwe kidogo, yaanikwe kivulini, yawekwe akiba ya kiangazi. (Lakini tunda bichi la mnavu ni sumu, watoto waonywe.) Mchicha uliozidi wapewe kuku, na samadi irudi shambani. Beberu wa kuuza naye auzwe angali mnene. Kesho asubuhi, kabla ya kushika jembe, tuzunguke nyumba tuone kilichoota.

Na tuombe.