Goti Lililoumia Kano: Hotuba kwa Wanachama, Usa River



Mwenzetu mmoja, karani, aliumia goti mpirani hapa Usa River. Alipoambiwa kwamba kano ya ndani imekatika, aliona njia mbili tu: kupasuliwa, au kuketi kitini siku zote. Nasi tukaanza kumchangia fedha za kupasuliwa. Leo twapenda kuwaeleza kwamba iko njia ya tatu, nayo yataka subira zaidi kuliko fedha.

Goti lina kano kubwa 4: mbili ubavuni, na mbili ndani zilizopishana. Ile ya ndani iliyo mbele ikikatika kabisa, mara nyingi haiungi. Lakini nyama za paja zikitiwa nguvu zaweza kulishika goti. Huko Uswidi vijana 121 wenye jeraha hilo waligawanywa: 62 walipangiwa kupasuliwa mapema na kufanya mazoezi, na 59 wakaanza kwa mazoezi tu. Habari zilizochapishwa mwaka 2010 zaonyesha kwamba baada ya miaka 2, katika hao 59, watu 36 walikuwa hawajapasuliwa, wala kwa wastani makundi hayo hayakupitana kwa hali ya magoti.

Mazoezi yenyewe ni haya. Uvimbe ukiisha kupungua, keti umenyosha mguu, ukaze paja, uhesabu 5, ulegeze, mara 10. Kisha lala chali, uinue mguu ulionyoka. Halafu kunja magoti, uinue kiuno. Ukipata nguvu, inuka kitini polepole bila kushika meza. Hilo hata ofisini lafanyika. Mwisho, simama kwa mguu mmoja karibu na ukuta. Goti likivimba tena, punguza.

Lakini mtu asijitibu kwa kubahatisha. Goti linalokwama, lisiloweza kubeba mwili, au linalolegea ghafula mara kwa mara, lionwe na daktari. Wengine hawana budi kupasuliwa. Hospitali ya KCMC, iliyofunguliwa mwaka 1971, iko Moshi, barabara hii hii yetu.

Kosa kubwa ni kuacha mazoezi maumivu yanapokwisha. Mtu hujiona mzima, akarudi uwanjani, au akateremka njia za Meru zenye utelezi wakati wa masika, goti likateguka tena na kuharibika zaidi. Kazi hii ni ya miezi; kurudi mpirani huchukua yapata miezi 9, pengine zaidi.

Basi shauri letu ni hili: fedha zilizochangwa zisirudishwe. Ziwe nauli ya mwenzetu kwenda kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo, na zikibaki ziwekwe, isije ikalazimu kupasuliwa. Nasi tunaoketi naye ofisini tumkumbushe kila siku. Haba na haba hujaza kibaba.